Kusomea Filamu na Upigaji Picha Chuo Kikuu: Njia za Kujiunga, Masomo na Ajira

Picha ya Mwalimu Julius Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwezi Aprili 1964 imo katika vitabu vya shule, kwenye kuta za ofisi na katika maadhimisho ya Muungano ya kila mwaka. Wananchi wengi huitambua mara wanapoiona. Wachache hujiuliza nani alikuwa nyuma ya kamera, alisimama upande gani wa mwanga, na kwa nini alibonyeza kitufe katika nukta ile na si nyingine. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo kiini cha taaluma ya upigaji picha, na filamu hujengwa kwa maamuzi hayo yanayorudiwa mara maelfu.

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, baadhi ya vijana huonesha nia ya kusomea taaluma hiyo, na mara nyingi swali la kwanza kutoka kwa mzazi au mlezi huwa ni moja: kijana akimaliza, atafanya kazi gani? Swali hilo ni la haki. Ada, vifaa na miaka mitatu ya masomo ni gharama kubwa kwa familia, na jibu lake linahitaji taarifa sahihi kuhusu vyuo vilivyopo, sifa za kujiunga, yanayofundishwa, nafasi za kazi na sheria zinazosimamia sekta.

Taaluma yenye historia nchini

Upigaji picha ulishamiri mapema katika mwambao wa Afrika Mashariki. Studio ya Capital Art iliyopo Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha zilizopigwa na familia hiyo ni sehemu muhimu ya kumbukumbu ya maisha ya visiwani katika karne ya 20. Dar es Salaam nako, mwaka 1963, Mohamed Amin alianzisha kampuni ya Camerapix, kisha akawa miongoni mwa wapigapicha wa habari waliofahamika zaidi barani Afrika. Picha zake za njaa nchini Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha misaada kutoka pande nyingi za dunia.

Kwa upande wa filamu, Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, filamu za video zinazojulikana kama Bongo Movie zilisambaa hadi nchi jirani na kulifanya tasnia iwe chanzo cha kipato kwa waigizaji, wapigapicha, wahariri na wasambazaji. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilichaguliwa kuoneshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, Kanada. Mwaka uliofuata, filamu ya Royal Tour iliyomshirikisha Rais Samia Suluhu Hassan ilitumika kuitangaza nchi kwa watalii na wawekezaji.

Mahali pa kusomea

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa masomo ya filamu na televisheni kupitia Idara ya Sanaa Bunifu, iliyokua kutoka katika ufundishaji wa sanaa za maonesho ulioanza chuoni hapo mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika chuo hichohicho, Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma hufundisha utangazaji na uandishi wa habari, ambamo picha za habari ni sehemu ya mafunzo. Wanafunzi wa shule hiyo hupata mazoezi katika Mlimani TV na Mlimani FM.

Chuo Kikuu cha Dodoma nacho hufundisha sanaa za maonesho na filamu. Kwa wanaotaka kuanza na ngazi ya astashahada au stashahada, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, maarufu kama TaSUBa, ndiyo taasisi kongwe ya umma katika fani hizo. Ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuwa wakala wa Serikali mwaka 2007.

Ni muhimu kutofautisha programu hizo. Shahada ya filamu humwandaa mhitimu kusimulia hadithi kwa picha jongefu, kuongoza na kutayarisha. Shahada ya uandishi wa habari humwandaa kukusanya na kuwasilisha taarifa za kweli. Shahada ya sanaa za ufundi hujikita katika uchoraji, uchongaji na usanifu, na katika baadhi ya vyuo huwa na somo la picha mnato. Kijana anayependa kupiga picha za habari anaweza kujikuta mahali pasipomfaa iwapo atachagua kwa kuangalia jina la programu pekee bila kusoma orodha ya masomo yake.

Sifa za kujiunga

Udahili wa vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo hutoa mwongozo kila mwaka. Kwa waliomaliza Kidato cha Sita katika miaka ya karibuni, sifa ya jumla ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo alama A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa mfano, mwombaji mwenye D mbili anafikia kiwango hicho, ilhali mwenye D moja na E moja hakifikii.

Mwenye stashahada inayotambuliwa huweza kudahiliwa kwa njia ya sifa linganishi, iwapo ana wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya Kidato cha Nne. Njia hii huwafaa waliopitia TaSUBa au vyuo vingine vilivyosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Sifa hizo ni za jumla. Kila chuo huweka masharti ya ziada kwa kila programu, ikiwa ni pamoja na masomo mahsusi yanayohitajika. Mwombaji anashauriwa kusoma mwongozo wa mwaka husika na kujiridhisha kuwa programu anayoiomba imo ndani yake kabla ya kulipa fedha yoyote.

Yanayofundishwa darasani na uwanjani

Wengi huingia chuoni wakidhani watafundishwa kamera tu. Kwa kweli, utayarishaji wa filamu una hatua tatu, na kamera hutawala moja tu kati yake. Hatua ya kwanza ni maandalizi: kuandika muswada, kupanga bajeti, kutafuta maeneo, kuchagua waigizaji na kupanga ratiba. Hatua ya pili ni kurekodi picha na sauti. Hatua ya tatu ni kuhariri, kurekebisha rangi, kuchanganya sauti na kuweka muziki. Filamu nyingi za wanaoanza huharibika katika hatua ya kwanza na ya tatu, hata pale picha zinapokuwa nzuri.

Katika kamera, mwanafunzi hujifunza kwanza kutawala mwanga kwa vitu vitatu: upana wa tundu la lenzi, muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, na wepesi wa kamera kuupokea mwanga huo. Kila kimoja kina gharama yake. Tundu likipanuliwa, mwanga huongezeka lakini eneo linaloonekana wazi hupungua. Muda ukirefushwa, kitu kinachotembea huacha ukungu. Wepesi ukipandishwa, picha hupata chenga.

Mfano mmoja unaonesha kwa nini nadharia hiyo ina maana katika kazi ya kila siku. Umeme wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na televisheni zetu hutumia picha 25 kwa sekunde. Mpigapicha anayerekodi ukumbini chini ya taa za umeme akaweka muda usiolingana na mzunguko huo huweza kupata picha zinazomeremeta na zenye mistari. Akiweka sehemu 1 ya 50 ya sekunde, tatizo hilo kwa kawaida hutoweka. Aliyekariri vitufe hataelewa kwa nini video ya harusi imeharibika. Aliyesoma atarekebisha kabla sherehe haijaanza.

Somo jingine linalowagusa moja kwa moja wapigapicha wa Afrika ni mwanga juu ya ngozi nyeusi. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, hivyo watu weusi walitoka wakiwa giza au wamepoteza sura. Hata sasa, kamera iliyoachwa ijipimie yenyewe huweza kumtia giza bibi harusi mweusi aliyevaa gauni jeupe, kwa kuwa huupima weupe wa gauni. Mwanafunzi hufundishwa kupima mwanga kwa kuangalia uso, kutumia kitambaa au ubao mweupe kurudisha mwanga, na kuepuka kumsimamisha mtu dhidi ya jua la adhuhuri.

Sauti hupewa uzito uleule. Mtazamaji huvumilia picha yenye kasoro ndogo, lakini huacha kuangalia filamu ambayo maneno yake hayasikiki. Uhariri nao hufundisha subira. Filamu ya dakika 90 yenye picha 24 kwa sekunde ina picha 129,600, na mhariri huzichagua kutoka katika saa nyingi za kazi iliyorekodiwa. Mafunzo hujumuisha pia kutunza nakala: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mahali pengine. Mwanafunzi aliyepoteza kazi ya muhula mzima kwa diski moja kuharibika hahitaji kuambiwa tena.

Pamoja na ufundi, programu za shahada huwa na historia na nadharia ya filamu, fasihi na sanaa za jadi, utafiti, maadili, usimamizi wa miradi na mafunzo kwa vitendo katika vituo vya televisheni au kampuni za utayarishaji. Sehemu hii ndiyo hutofautisha shahada na kozi fupi ya miezi michache.

Nafasi za kazi

Mhitimu anaweza kuajiriwa katika utumishi wa umma. Wizara, halmashauri na taasisi za Serikali zina vitengo vya mawasiliano vinavyohitaji maofisa habari, wapigapicha na wahariri wa video. Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) na Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC) huhitaji wataalamu wa kamera, sauti, taa na uhariri. Nafasi nyingi za utumishi wa umma Tanzania Bara hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji huhitajika kuwa na vyeti kutoka vyuo vinavyotambuliwa. Hapa ndipo shahada au stashahada huwa na uzito ambao kipaji pekee hakiwezi kuuziba.

Katika sekta binafsi, waajiri ni vituo vya televisheni, magazeti, kampuni za matangazo, mashirika ya kijamii, hoteli na kampuni za utalii. Kazi zenyewe ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa: mwandishi wa muswada, mwongozaji, mtayarishaji, meneja wa eneo la kurekodia, mpigapicha, fundi taa, fundi sauti, mpambaji, msimamizi wa mavazi, mhariri, mrekebishaji rangi na msambazaji. Wapo pia wanaoingia katika ualimu, utafiti na uhifadhi wa nyaraka. Kazi ya kuhifadhi ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa picha na filamu za zamani huharibika kwa joto na unyevu, na mtu anayejua kuzisafisha, kuzitambua na kuzihamishia katika mfumo wa kidijiti bado hapatikani kwa urahisi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya wahitimu huanza kwa kujiajiri. Harusi, mahafali, semina, biashara za mtandaoni na video za muziki ndizo huwapa wengi kipato cha mwanzo. Malipo huwa kwa siku au kwa mradi na hayalingani mwezi kwa mwezi. Kijana anayechagua njia hii anapaswa kujiandaa kwa miezi ya ukame, kusajili biashara yake, kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi na kuweka hesabu. Taasisi za umma na kampuni kubwa huwa vigumu kumpa kazi mtu asiyeweza kutoa risiti halali.

Sheria anazopaswa kuzijua

Sekta ya filamu Tanzania Bara husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 pamoja na marekebisho yake. Bodi hiyo hutoa vibali vya kutengeneza filamu, hukagua filamu na kuzipangia madaraja kulingana na umri wa watazamaji. Kurekodi ndani ya hifadhi za Taifa huhitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi husika, na kurusha ndege nyuki huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Maeneo ya ulinzi na usalama hayapigwi picha bila ruhusa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, nayo inagusa kazi ya kamera, kwa kuwa picha inayomtambulisha mtu huweza kuwa taarifa binafsi. Mpigapicha anayetaka kutumia sura ya mteja katika tangazo anapaswa kupata ridhaa yake, na ridhaa iliyo kwa maandishi ndiyo salama zaidi. Kwa watoto, ridhaa ya mzazi au mlezi ni ya lazima.

Haki ya mbunifu husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Ulinzi wa kazi huanza mara kazi inapobuniwa, na kusajili kazi COSOTA humpa mbunifu ushahidi wa kutumia pale mgogoro unapotokea. Sheria hutambua haki za aina mbili: haki za kiuchumi, ambazo huuzwa au kukodishwa, na haki za kimaadili, ikiwemo ya mbunifu kutajwa kwa jina lake.

Sahihi moja, miaka mingi

Changamoto iliyowagharimu watengenezaji filamu wengi nchini haikutokana na uhaba wa kamera. Ilitokana na mikataba. Katika miaka ya kanda na diski, watayarishaji wengi waliuza filamu zao kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja na kukabidhi haki zote. Filamu iliendelea kuuzwa na kuoneshwa kwa miaka, huku aliyeitengeneza na waigizaji wake wakiwa hawapati chochote zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mhitimu anapaswa kujua majibu ya maswali matano. Anauza haki zote au anatoa ruhusa ya matumizi tu? Ruhusa hiyo ni ya muda gani? Ni kwa nchi zipi? Ni kwa njia zipi, yaani televisheni, majumba ya sinema, mtandao au zote? Na malipo ni ya mara moja au kuna mgawo wa mapato yatakayofuata? Mkataba usiojibu maswali hayo kwa maandishi haufai kusainiwa haraka, hata kama fedha iko mezani. Aliyeajiriwa naye aelewe kuwa haki za kiuchumi za kazi aliyoifanya ndani ya ajira kwa kawaida huwa za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Gharama, mikopo na vifaa

Waombaji wenye uhitaji wanaweza kuomba mkopo kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa kufuata mwongozo wa mwaka husika. Kwa wasanii waliokwisha kuanza kazi, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa miradi ya ubunifu. Mkopo ni deni. Mwombaji anapaswa kuwa na mpango wa kurejesha kabla ya kununua vifaa.

Kuhusu vifaa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hahitaji kamera ya gharama kubwa. Simu yenye kamera nzuri, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo na kigoda cha miguu mitatu hutosha kujifunza upangaji wa picha, mwanga na usimuliaji. Vyuo huwa na vifaa vya kuazima kwa ajili ya mazoezi. Ni busara kuchelewesha ununuzi hadi mwanafunzi atambue eneo atakalobobea, kwani anayehariri anahitaji kompyuta yenye nguvu kuliko lenzi ya bei kubwa.

Hatua za kuchukua kabla ya kuchagua

Kijana anayefikiria fani hii anashauriwa kuanza kukusanya kazi zake sasa. Picha kumi zilizochaguliwa kwa makini, au filamu fupi ya dakika tano yenye mwanzo, kati na mwisho, humsaidia yeye na wazazi wake kuona kama anachokipenda ni kazi yenyewe au ni umaarufu unaoambatana nayo. Waajiri na waandaaji wa matamasha, likiwemo Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lililoanza mwaka 1998, huangalia kazi kwanza.

Pili, asome orodha ya masomo ya kila programu na kuwauliza wanafunzi waliotangulia kuhusu vifaa na mafunzo kwa vitendo. Tatu, athibitishe ithibati ya chuo kwa TCU au NACTVET. Nne, azungumze na wazazi au walezi wake kwa hesabu: ada, chakula, malazi, vifaa, na muda atakaohitaji kabla kazi hazijawa za uhakika.

Kwa mzazi au mlezi, swali la kijana atafanya kazi gani lina majibu mengi kuliko ilivyokuwa miaka 30 iliyopita, ingawa hakuna jibu linalokuja lenyewe. Mhitimu anayejua ufundi, sheria na hesabu ya kazi yake ana nafasi ya kuishi kwa kazi hiyo. Naye atakayefika mahali tukio la Taifa linapotokea akiwa na kamera mkononi ahakikishe jina lake linabaki pamoja na picha.